Besi kwenye Toyota kuukuu: Kabla ya wufa, nunua fyuzi

Najua unachotaka. Unataka kupita pale stejini jioni, vioo vimefungwa, na wasee wahisi kishindo kifuani kabla hawajaona gari lenyewe. Umeshaona wufa mbili za inchi 12 kwenye duka moja la Luthuli Avenue, muuzaji amekuwekea ngoma ya amapiano, na ile besi imekuingia hadi kwenye meno. Poa. Lakini kabla hujatoa simu ulipe, nipe dakika kumi. Lile duka linatumia stima ya ukutani. Gari lako halina ukuta.

Gari ninalolizungumzia ni lile ambalo wengi wetu tunaweza kulimudu: Toyota 100, Toyota 110, Nissan B15, za aina hiyo. Liliundwa Japani miaka ya tisini, likashushwa Mombasa, likapitia mikono ya watu wanne au watano, na sasa ni lako. Labda umelirithi kwa mzee. Labda umelinunua kwa pesa za chama na shinikizo la damu la mama. Nitatumia 110 kama mfano kwa sababu limejaa mtaani. Kama lako ni jingine, hesabu hazibadiliki sana.

Jambo ambalo hakuna muuzaji atakueleza ni hili: amplifaya haitengenezi umeme. Inaukopa. Inaukopa kutoka kwa altaneta, na altaneta ikishindwa, inaukopa kwa betri. Magari ya saizi ya 110 kwa kawaida huwa na altaneta ya kati ya ampea 60 na 80 hivi. Usiniamini mimi, fungua boneti usome kibandiko kilicho juu ya altaneta yenyewe, kama bado kinasomeka. Sasa hizo ampea zina wenyewe tayari. Taa kubwa za mbele zinakula kama 9. Feni ya rejeta, feni ya ndani, pampu ya mafuta, plagi, waipa, taa za nyuma: zote ziko mezani na sahani zao. Usiku wa mvua unaweza kuwa umetumia ampea 40 kabla hujawasha hata redio.

Tena hizo 70 zilizoandikwa kwenye kibandiko ni za injini ikiwa inazunguka kwa kasi. Ukiwa umekwama kwenye jam ya Mombasa Road, mguu kwa breki, injini inanguruma polepole, altaneta inaweza kukupa nusu tu ya hizo. Ndiyo maana unaona gari la mtu taa zinapepesa kila besi ikipiga. Watu hudhani ni urembo. Hapo ni gari linaomba msaada.

Na usijilinganishe na nganya. Nimesikia vijana wakisema, "Kama ile matatu ya Rongai ina wufa nane, mimi nikiweka mbili kuna noma gani?" Zile matatu kubwa nyingi zimejengwa juu ya lori la Isuzu NQR. Umeme wake ni wa volti 24, betri ni mbili, na altaneta ni ya lori. Mafundi wake huweka vifaa maalum vya kushusha volti hizo hadi 12 ili muziki ufanye kazi. Ule ni mtambo mwingine kabisa. Ukimwita fundi wa nganya akufungie kwa Toyota, mwulize kwanza kama amewahi kufunga gari dogo, maana mazoea ya kule hayafai huku.

Haya, tuje kwa zile wati. Boksi la amplifaya limeandikwa 3000W kwa maandishi ya dhahabu. Ligeuze. Angalia ubavuni mwa amplifaya yenyewe, pale waya mnene wa umeme unapoingia. Utaona fyuzi ndogo za plastiki, na juu yake namba. Tuseme ziko mbili za ampea 30. Jumla 60. Zidisha kwa volti 13.8, ambazo ni umeme wa gari likiwa linawaka. Unapata wati 828. Huo ndio umeme ambao hiyo mashine inaweza kuingiza ndani bila fyuzi kukatika. Sasa niambie, inaingiza 828 halafu inatoa 3000? Ingekuwa hivyo tungeiweka Turkwel tufunge mabwawa.

Na hata hizo 828 hazitoki zote. Amplifaya za aina inayoitwa D, zile ndogo na baridi, hutoa kama asilimia 80 ya zinachoingiza. Zile za zamani za aina ya AB, kubwa na zenye mapezi ya chuma, hutoa nusu na kitu, zinazobaki zinakuwa joto. Kwa hivyo hiyo "3000W" ni mashine ya wati 600 hivi kama ni aina ya D, na 450 kama ni AB. Ukiona fyuzi moja ya 25 basi, hiyo ni wati 200 na kidogo, hata kama kwenye boksi wamechora simba. Hii hesabu haihitaji digrii. Mimi chuo sikumaliza na ninaifanya nikiwa nimesimama mbele ya muuzaji, kwa simu, nikimwangalia machoni. Bei hushuka.

Namba unayotafuta kwenye karatasi ya ndani ni ile iliyoandikwa RMS. Ile nyingine kubwa, ya "max" au "peak", ipuuze.

Sasa swali: kwa gari kama 110, unahitaji wati ngapi? Mimi nasema 300 za kweli, wufa moja ya inchi 12, imetosha. Najua umekunja uso. Sikiza. Ukiongeza wati kutoka 300 hadi 600, sauti inapanda desibeli 3 pekee. Sikio lako litasema "ndiyo, imeongezeka kidogo". Ili sikio liseme kelele zimekuwa maradufu unahitaji desibeli kama 10, yaani wati mara kumi, yaani 3000 za kweli, na gari zima halina umeme wa kufanya hivyo. Kwa hivyo ule mchezo wa kuongeza wati ni mchezo wa kuchoma doo. Wati 300 kutoka kwa amplifaya ya aina ya D zinavuta ampea 27 hivi besi ikiwa juu kabisa, na muziki haukai juu kila sekunde. Wastani wake ni theluthi ya hapo au chini. Toyota linaweza kubeba hiyo bila kulia.

Tuseme basi una elfu 30 mfukoni. Vijana wengi wanatumia 27 kwa wufa na amplifaya, halafu zile tatu zinazobaki ndizo za waya, fyuzi, boksi na fundi. Hapo ndipo shida inapozaliwa. Mimi ningetenga karibu nusu kwa vitu visivyoonekana: waya, fyuzi, betri kama imechoka, na mbao ya boksi. Wufa ya mtumba kutoka Japani iliyo nzima inaweza kukupa raha miaka. Waya wa mtumba, hapana.

Hebu nieleze ni kwa nini nimekazania waya. Jamaa yangu mmoja anaendesha teksi ya mtandaoni na Nissan B15. Alifungiwa mziki na fundi mmoja wa kando ya barabara kwa saa moja na nusu, bei ya kutupa, na siku hiyo hiyo akaanza kubeba wateja. Wiki tatu baadaye, kwenye Thika Road karibu na Githurai, abiria akasema anasikia harufu ya plastiki. Alipoangalia chini, zulia la upande wa abiria lilikuwa linatoa moshi. Alikuwa na bahati kwamba kibano cha betri kilikuwa kimelegea. Alifungua boneti, akaking'oa kwa mkono akitumia shati. Tulipofungua baadaye tuliona kila kitu. Waya mwekundu ulikuwa umetoka kwa betri moja kwa moja, hakuna fyuzi njiani. Ulikuwa umepitishwa kwenye tundu la chuma lililotobolewa na drili, bila mpira. Kila gari lilipotetemeka, ukingo wa lile tundu ulikuwa unaukata ule waya kidogo kidogo, hadi shaba ikagusa bodi.

Unajua kinachotokea shaba ya betri ikigusa bodi? Betri haiulizi. Inamwaga mamia ya ampea kwa wakati mmoja, kwa sababu imeundwa kuzungusha injini asubuhi ya baridi. Waya unageuka kuwa koili ya jiko. Uko chini ya zulia, karibu na sponji ya viti. Jamaa alikaa wiki mbili bila kazi, na gari lilikuwa la mkopo. Bima yake, kama ya wengi wetu wenye magari kuukuu, ni ile ya kulipia watu wengine ukiwagonga. Gari lako likiungua lenyewe hiyo bima inakutazama tu.

Fyuzi ya kitu kama hicho ni bei ya nyama choma na soda.

Kwa hivyo, kazi yenyewe. Unaweza kuifanya mwenyewe Jumamosi moja ukiwa na bisibisi, spana namba 10 na 12, kisu, msasa, tepu ya umeme na mita ya kupimia umeme. Na dada zangu, hii si kazi ya misuli, hakuna hapa kitu kinachohitaji nguvu kuliko kufungua mtungi wa gesi. Ukimpa fundi, kaa hapo hapo uangalie, na sehemu ninazozitaja usimruhusu aziruke.

Kabla ya kununua chochote, pima gari. Injini ikiwa imezimwa tangu usiku, betri nzima inasoma karibu volti 12.6. Ikisoma 12.1, betri yako imechoka au haijajaa. Washa injini: inapaswa kupanda hadi kati ya 13.8 na 14.4. Washa taa, feni na waipa zote. Ikishuka chini ya 13, shughulika na altaneta au mkanda wake kwanza, mziki baadaye. Halafu angalia ule waya mweusi unaotoka kwa betri hadi kwa bodi, na ule unaounganisha injini na bodi. Kwa gari la miaka 25, mara nyingi utakuta umeota ukungu wa kijani na bolti imeshika kutu. Fungua, piga msasa hadi chuma ing'ae, rudisha ukaze. Kazi hiyo ni ya bure na kuna watu taa zao ziliacha kupepesa kwa sababu ya hiyo peke yake. Ukiwa na pesa kidogo, ongeza nyaya mpya nene pale: altaneta hadi betri, betri hadi bodi, injini hadi bodi. Hiyo itakusaidia kuliko lile kopo la kung'aa linaloitwa kapasita, ambalo muuzaji atakusukumia ukimwambia taa zinapepesa. Kapasita haileti umeme mpya, inaweka akiba ya sekunde kidogo tu, na akiba hiyo lazima altaneta ile ile iijaze tena.

Waya sasa. Kwa wati 300 hadi 500 kutoka mbele hadi buti, mita 5 hivi, chukua waya namba 4. Kumbuka hizi namba ziko kinyume: 4 ni mnene kuliko 8, na 8 ni mnene kuliko 10. Kwa ampea 45, waya wa shaba namba 4 unapoteza volti 0.2 njiani. Namba 8 unapoteza karibu nusu volti. Ule mwembamba wa 10 unapoteza robo tatu ya volti, na hiyo volti haipotei hewani, inakuwa joto ndani ya zulia lako.

Ujanja mwingine wa madukani: waya wa alumini uliopakwa shaba. Kwa nje ni mwekundu na mnene, unapendeza. Alumini inapitisha umeme kwa asilimia 61 tu ya shaba. Kwangua uzi mmoja kwa wembe. Ukigeuka mweupe ndani, huo ni alumini. Shaba halisi ni nyekundu hadi katikati, na ni nzito mkononi. Kama huna pesa ya shaba, si dhambi kununua ule mwingine, lakini panda daraja, ununue mnene zaidi, na usidanganywe ulipe bei ya shaba. Pia angalia plastiki ilivyo. Kuna nyaya zimejaa plastiki hadi zinaonekana kama bomba la maji na ndani kuna nyuzi kiduchu.

Ng'oa kibano cheusi cha betri kwanza kabla hujagusa kitu kingine. Cheusi, si chekundu, kwa sababu spana yako ikigusa bodi ukiwa unafungua chekundu utaona cheche za Krismasi. Kinarudishwa mwisho kabisa.

Fyuzi kubwa inakaa kwenye waya mwekundu, karibu na betri, si zaidi ya sentimita 45. Si kule buti karibu na amplifaya. Hii ndiyo sehemu ambayo mafundi wa haraka hukosea. Fyuzi haipo hapo kulinda amplifaya. Hiyo ina zake ubavuni. Hii ya mbele inalinda ule waya wa mita 5 unaopita chini ya miguu ya watu. Ukiiweka nyuma, mita zote hizo zinabaki uchi. Saizi yake ifuate fyuzi za amplifaya: kama zina jumla ya 60, weka 60. Na ikikatika, tafuta ni kwa nini imekatika. Usiweke ya 150 "isisumbue", na yule atakayekuambia utumie kipande cha waya au karatasi ya sigara, mnyime hata namba yako ya simu.

Kutoka kwa injini kuingia ndani, kuna ule ukuta wa chuma mbele ya miguu yako. Karibu kila Toyota ina tundu la kiwandani ambalo nyaya zake za asili zinapita, lenye mpira mkubwa mweusi. Toboa mpira kwa msumari, pitisha waya hapo. Ikibidi utoboe chuma, weka mpira wa kulinda ukingo na uuvishe waya bomba la plastiki lenye mikunjo. Ndani, ng'oa zile plastiki za chini ya milango, laza waya humo, rudisha. Usiupitishe juu ya zulia, usiupitishe kwenye reli ya kiti.

Nyaya za sauti, zile zenye vichwa vya RCA, zipitishe upande wa pili wa gari. Zikilala pamoja na waya wa umeme utasikia mlio kama mbu, unapanda kila ukikanyaga mafuta. Ule mlio unawatesa watu miezi, wanabadilisha redio, wanabadilisha amplifaya, na tatizo lilikuwa njia.

Tukiwa kwa redio. Kama gari lako bado lina ile redio ya kutoka Japani, unaijua shida yake: masafa ya FM ya kule yalikuwa 76 hadi 90. Ghetto Radio 89.5 utaipata. Kiss 100 utaisikia ukiwekewa ekspanda. Redio hizo nyingi hazina matundu ya RCA nyuma, kwa hivyo kuna njia mbili. Badilisha redio ununue yenye Bluetooth na matundu, au weka konvata, kile kisanduku kidogo kinachochukua nyaya za spika za nyuma na kuzigeuza ziwe sauti ya kuingia kwa amplifaya. Amplifaya zingine zina konvata yao ndani, uliza. Redio mpya itakuwa na waya mwembamba wa buluu wenye mstari mweupe. Huo ndio unaoiambia amplifaya iamke. Kwa redio ya zamani utachukua umeme wa kuamsha kutoka kwa waya unaowaka ukiwasha swichi tu. Usiuunganishe na betri moja kwa moja, asubuhi utaamka gari limekufa na majirani wakusukume ukiwa na nguo za kazi.

Waya mweusi wa amplifaya uwe mnene kama ule mwekundu na mfupi iwezekanavyo, chini ya nusu mita. Tafuta chuma ya bodi yenyewe hapo buti, kwangua rangi hadi uone chuma inang'aa, toboa, weka bolti na washa ya meno, kaza, kisha paka rangi au grisi juu ili kutu isirudi. Kabla ya kutoboa, lala chini uangalie ng'ambo ya pili. Tangi la mafuta liko huko chini, chini ya kiti cha nyuma. Na usitumie bolti ya mkanda wa usalama. Hiyo inashikilia uhai wa mtu.

Sasa omu, hapa ndipo amplifaya nyingi hufa. Wufa moja ya omu 4 iko sawa na karibu kila amplifaya. Wufa mbili za omu 4 zikiunganishwa sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, zinakuwa omu 2. Zikifuatana moja baada ya nyingine zinakuwa 8. Kama wufa zako zina koili mbili mbili za omu 4 na fundi ameunganisha zote sambamba, umefika omu 1. Amplifaya iliyoandikwa mwisho wake ni 2 itachemka, ijizime, ipoe, iwake, ijizime, halafu siku moja isiwake. Na ile ya njia mbili ukiibana itoe njia moja, mara nyingi mwisho wake ni 4, si 2. Soma karatasi. Kama karatasi haiko, soma pale penye skrubu, huwa wameandika.

Boksi: nenda kwa seremala na vipimo. Mbao ya MDF ya milimita 18, si plaiwudi ya kreti. Wufa nyingi za inchi 12 huomba lita 28 hadi 35 kwa boksi lililofungwa pande zote. Boksi la nje la sentimita 40 kwa 36 kwa 30 linabaki na lita 31 hivi ndani, na linaacha nafasi ya gunia la viazi ukienda ushago. Gundi kila kiungo, ziba kwa silikoni ndani, acha ikauke siku nzima kabla ya kuweka wufa. Boksi lenye tundu hupiga kelele zaidi kwa wati zile zile, lakini tundu lazima lipimwe kwa wufa hiyo. Ukikisia, utapata mvumo mmoja tu kwa kila wimbo. Kwa mara ya kwanza, funga. Kisha lifunge boksi kwa bolti kwenye bodi. Ukipiga breki ya ghafla, kilo 20 zilizolegea buti zinakuja mbele na wewe. Vilevile inampa mwizi kazi, maana kufuli ya buti ya 110 hata bisibisi inaifungua.

Umefunga, umerudisha kibano cheusi, taa ya amplifaya imewaka. Usipandishe kile kitufe cha "gain" hadi mwisho. Watu hudhani ni sauti. Ni kipimo cha kulinganisha redio na amplifaya. Ng'oa wufa, weka redio robo tatu ya sauti yake, zima besi zote za redio, cheza mlio wa 50 Hz ambao utaupata bure kwenye simu, na upime kwa mita iliyowekwa volti za AC pale pa kutokea wufa. Kwa wati 300 kwenye omu 2 unatafuta volti 24 na nusu. Kwenye omu 4 ni 34 na nusu. Panda polepole hadi hapo, acha, rudisha wufa. Kile kingine cha kuchuja, kiweke kwenye 80 Hz, ili wufa ishughulike na besi na spika za milango zishike sauti ya msanii. Sauti ikianza kukwaruza, teremsha. Wufa nyingi huchomwa na amplifaya ndogo iliyokamuliwa kupita uwezo wake, na koili ikishaungua utaisikia kwa harufu kabla ya masikio.

Kuhusu masikio, nitasema haraka. Shirika la Afya Duniani linasema desibeli 80 ni salama kwa saa 40 kwa wiki. Ukifika 90, ni saa 4 kwa wiki. Na kwa mtaa, kanuni za kelele za NEMA za 2009 zinaweka mwisho wa desibeli 35 usiku nje ya makazi, na usiku wao unaanza saa mbili. Hiyo 35 hata majirani wakicheka wanaipita. Sikuambii uishi kama maktaba, nakuambia tu jirani akipiga simu polisi ana karatasi ya kusimamia. Teremsha ukifika geti.

Endesha wiki moja, kisha rudi. Cheza mziki nusu saa, zima, na uguse kwa vidole: kishikio cha fyuzi, waya mwekundu, bolti ya waya mweusi. Vuguvugu kidogo ni sawa. Kama mahali pamoja ni pa moto kuliko kwingine, hapo pamelegea, kaza. Pima volti kwenye amplifaya besi ikipiga na injini ikinguruma; ikishuka chini ya 12 kila mara, punguza gain au rudi kwa zile nyaya za bodi. Na kama unasikia gari linakereketa nyuma kama debe la mahindi, si wufa, ni bamba la namba. Weka kipande cha sponji nyuma yake na ukaze zile skrubu mbili.